Pumzi Ishirini

Chukua chati iliyoning'inia miguuni pa kitanda katika wodi ya upasuaji, upitishe kidole kwenye mstari wa pumzi. Mara nyingi utasoma hivi: 20, 20, 20, 18, 20, 20. Mstari wa presha unapanda na kushuka. Mapigo ya moyo yanahangaika, mara 88, mara 104. Joto nalo lina mambo yake. Pumzi peke yake ndiyo imetulia kama maji ya mtungini. Mgonjwa wa ngiri, mgonjwa wa kibofu, mzee wa miaka 80 na kijana wa 19 aliyedungwa kisu Jumamosi usiku, wote wanapumua mara ishirini kwa dakika, wakilala na wakiamka.

Hakuna aliyehesabu. Muuguzi ameona kifua kinapanda, ameridhika kwamba mtu yu hai, ameandika ishirini na kusonga kitanda cha pili. Najua kwa sababu nami niliiandika hivyo kwa miaka.

Mimi ni nesi, mwaka wa kumi na moja sasa hapa Nairobi. Nilianzia wodi ya upasuaji, nikahamishiwa kitengo cha dharura, kisha saratani, ambako ndiko niliko hadi leo. Kwa kuwa ni mwanamume, wagonjwa huniita daktari. Daktari mwenyewe akija, akiwa mwanamke, humwita sista, naye huitika tu maana foleni ni ndefu. Zamani nilikuwa nawasahihisha. Nimeacha. Mtu anaumwa, halafu umfundishe vyeo?

Chuoni tulikuwa na mwalimu mmoja, mama wa makamo, aliyebandika saa yake kifuani kichwa chini miguu juu ili aisome akiinama. Alitufundisha ujanja ambao nautumia mpaka leo. Ukitaka kuhesabu pumzi ya mtu usimwambie. Ukisema tu "nahesabu unavyopumua", anaanza kupumua kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Shika mkono wake kama mtu anayepima mapigo. Hesabu mapigo. Ukimaliza usiuachilie mkono. Hamisha macho kimyakimya hadi kifuani, au tumboni kama ni mtoto, na uhesabu dakika nzima. Yeye atadhani bado uko kwenye mshipa. Sio sekunde kumi na tano halafu uzidishe kwa nne, alisema, kwa sababu mgonjwa mahututi hapumui kwa mpangilio. Anaweza kuvuta haraka haraka, akanyamaza, akavuta tena, na wewe na sekunde zako kumi na tano umeangukia pale penye kimya.

Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20. Tulilijibu hilo kwenye mtihani, tukafaulu, tukaajiriwa, tukaanza kuandika ishirini.

Usiku ninaotaka kuusimulia ulikuwa wa Julai, baridi ile ya Nairobi inayopenya hata madirisha yakiwa yamefungwa. Wodi ilikuwa na vitanda 28 na wagonjwa 32, kwa hivyo vitanda vinne vilikuwa na wawili wawili, mmoja kichwa huku mwingine kichwa kule. Tulikuwa wauguzi wawili zamu nzima. Mwenzangu alikuwa ameitwa thieta, chumba cha upasuaji, kumleta mgonjwa, na ukiitwa thieta unaweza kusubiri pale mlangoni na kitanda chako saa nzima.

Kitanda cha tisa alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, muuza mitumba Gikomba. Siku nne kabla alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo: kipande cha utumbo kilikatwa na ncha mbili zikashonwa pamoja. Alikuwa anaendelea vizuri. Alikuwa ameketi, ametembea hadi choo, na lile swali letu la aibu alikuwa amelijibu. Watu wengi hawajui kwamba mgonjwa wa tumbo haulizwi kwanza kama ana njaa. Anaulizwa kama amejamba. Utumbo ukishikwa na ganzi na mikono ya watu hulala, na hewa ndiyo hutangulia kutuambia umeamka. Nimewahi kuwauliza hivyo wachungaji, na hata mwalimu wangu wa shule ya msingi. Yule mama alicheka hadi akashika mshono. "Ndiyo, daktari, na majirani wamesikia."

Hiyo ilikuwa siku ya tatu. Usiku huu wa siku ya nne hakucheka. Saa tatu usiku nilimpima: presha 118 kwa 70, mapigo 106, joto 36.9, oksijeni asilimia 95. Nikaandika pumzi 20. Nikamwuliza anasikiaje.

"Nachoka tu," akasema. "Nachoka hata kulala."

Nikamwambia ajaribu kupumzika. Nikaenda kubadilisha dripu kitanda cha kumi na nne, nikafunga kidonda kilichokuwa kimelowa cha kumi na saba, nikagombana na jamaa mmoja aliyetaka kuvuta sigara dirishani. Saa sita usiku nikapita tena. Mapigo 112. Joto zuri. Ishirini. Saa tisa, mapigo 116. Ishirini. Macho yake yalikuwa wazi, akaniangalia nikiandika.

Sista inchaji wetu alikuwa na tabia ya kufika mapema, akidai ni kukwepa foleni ya matatu Githurai, lakini nadhani alipenda kuiona wodi kabla haijajipodoa. Saa kumi na mbili na nusu aliingia na sweta yake, mkoba begani, akaanza kupita kati ya vitanda. Alisimama kitanda cha tisa. Akashika mkono wa yule mama. Mimi nilikuwa mezani nikimalizia ripoti, na nilijua anachofanya kwa namna alivyosimama tu. Dakika moja ni ndefu sana ukiitazama kutoka mbali.

"Thelathini na sita," akasema. Hakupaza sauti. Chati ilikuwa mkononi mwake, akaisoma, akairudisha mahali pake. Hakuniuliza chochote.

Mshono wa ndani ulikuwa umeachia. Uchafu wa utumbo ulikuwa unavuja tumboni, pengine tangu jioni, na mwili mzima ulikuwa umeanza kupigana na sumu. Joto halikupanda kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tunampa parasetamoli kila baada ya saa sita kwa maumivu. Tulikuwa tumelifunika dirisha la kuchungulia kwa mikono yetu. Kabla ya saa tatu asubuhi alikuwa thieta. Alitoka na mfuko wa choo umebandikwa tumboni, akakaa kwenye uangalizi wa karibu siku kumi na moja.

Alipona. Siku ya kuruhusiwa alinitafuta, akanishika mikono yote miwili. "Mungu akubariki. Wewe ndiye ulikuwa unanipitia usiku." Nikasema asante, mama. Sikusema lingine. Wako watakaoniuliza kwa nini sikumwambia. Nimejiuliza pia, na jibu ninalopata halinipendezi.

Acha nieleze kwa nini pumzi. Mwili ukiingiwa na maambukizi makali, au ukipungukiwa na damu, seli hukosa oksijeni ya kutosha na asidi hurundikana kwenye damu. Njia ya haraka ya kuipunguza ni kutoa hewa chafu kwa wingi, yaani kuhema. Kwa hiyo mtu huanza kupumua haraka mapema, pengine saa nyingi kabla hajazidiwa. Presha ndiyo inayotudanganya: moyo hukaza mwendo, mishipa hujibana, na mashine inasoma 118 kwa 70 kama kwamba hakuna jambo. Presha ikianguka, umechelewa. Yule mama alinieleza haya kwa lugha yake. Mtu anayepumua mara 36 kwa dakika usiku kucha anafanya kazi ya kupanda ngazi za jengo zima akiwa amelala chali. Nachoka hata kulala.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba, hatua chache tu kutoka kwenye ile wodi, nyuma ya milango ya thieta, watu huhesabu kila kitu. Kabla tumbo halijafungwa, wauguzi wawili huhesabu vitambaa, sindano na vyuma kwa sauti, na kimoja kikikosekana daktari mpasuaji, hata awe na hasira namna gani, anasubiri. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha katika kila upasuaji: kabla ya nusu kaputi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa. Mgonjwa huyu ni nani? Anapasuliwa wapi? Vitambaa vimetimia? Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, na kati ya London, Toronto na Seattle mlikuwa na Ifakara, hapo kwa majirani zetu Tanzania. Kwa wagonjwa karibu 8,000, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, kwa kuuliza na kuhesabu kwa sauti. Halafu mgonjwa huyohuyo aliyehesabiwa hadi uzi wa mwisho anasukumwa kwa kitanda hadi wodini, na kule anapokelewa na ishirini.

Baada ya pale nilianza kuhesabu. Siku za kwanza kwa woga, kama mtu aliyegongwa na boda boda anavyovuka barabara. Baadaye ikawa mazoea.

Nilipohamishiwa kitengo cha dharura, sista inchaji yule aliniaga kwa hadithi ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani pale katikati ya jiji, yeye alikuwa nesi mchanga. Zaidi ya watu 200 walikufa na maelfu wakaumia. Wengi walikatwa na vioo machoni na usoni, kwa kuwa walisikia kishindo cha kwanza wakakimbilia madirishani kuona kuna nini. Alisema hospitali ilijaa mayowe mpaka ukawa husikii jina lako, na nesi mkubwa wa siku hiyo akamshika kola, akamwambia: wanaopiga kelele wana pumzi ya kupigia kelele, nenda kwa walionyamaza.

Nilidhani ni maneno ya kuaga tu. Kisha nikafanya kazi Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Anayejua Nairobi anajua Ijumaa hiyo. Mshahara umeingia, mvua ikinyesha juu yake ndiyo umekwisha. Boda boda zinaletwa, wenye boda, abiria wao, na waliogongwa nazo. Mtu na jirani yake wamepigana na wameletwa kwa gari moja la polisi, bado wanatukanana. Kazi ya nesi anayekaa mlangoni ni kuwapanga. Mfumo wa rangi tuliotumia ulitengenezwa Afrika Kusini: nyekundu aingie sasa hivi, chungwa asisubiri sana, njano asubiri kidogo, kijani anaweza kwenda kunywa chai. Unapima presha, mapigo, pumzi, joto, unaangalia kama anaweza kutembea na kama akili iko sawa, kila kipimo kina alama zake, unajumlisha. Na pumzi ina alama kama vipimo vingine. Ukiandika ishirini ya kubahatisha, umeshampa mtu rangi isiyo yake.

Ijumaa moja alikuwapo kijana wa boda, muundi umevunjika na mfupa unachungulia, akiita mama yake kwa Kikamba na Mungu kwa Kiswahili. Watu wote walikuwa wamemzunguka, hata bawabu. Alistahili kuzungukwa, sisemi vingine. Lakini alikuwa anapumua mara 22, damu ilikuwa imezuiwa, vidole vya mguu vilikuwa na joto. Kwenye benchi la nyuma, karibu na pipa la takataka, kulikuwa na mwanamke amejifunga kitambaa kichwani na shali juu yake, ameegemea ukuta. Nilimfikia kwa kuwa tu nilikuwa nimejizoesha kupita benchi nzima kila nusu saa nikishika mikono ya watu. Mkono wake ulikuwa moto. Pumzi 28. Joto 38.4. Mapigo 124.

"Mama, umefika saa ngapi?"

"Saa mbili." Ilikuwa saa nne na dakika kumi. "Sikutaka kusumbua. Kuna watu wanavuja damu."

Chini ya kitambaa hakukuwa na nywele. Alikuwa siku ya kumi tangu adungwe dawa za kemo kwa saratani ya matiti, na kadi ya kliniki ilikuwa mkobani, ndani ya mfuko wa plastiki, imekunjwa vizuri. Dawa zile zinaua seli zinazozaliana haraka, na uboho unaotengeneza chembe nyeupe za damu hauachwi. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne hivi, mwili hubaki karibu bila askari. Mgonjwa wa namna hiyo akipata homa ya 38, hata kama anajisikia anaweza kutembea, hata kama amejitia shali akaja kwa matatu, ni mgonjwa wa dharura. Anatakiwa apate antibayotiki ya mshipani ndani ya saa moja. Yeye alikuwa amemaliza mbili kwenye benchi kwa sababu ya adabu.

Alipata dawa. Alilazwa siku sita. Tangu siku hiyo kila mgonjwa wangu wa kemo namwambia mambo mawili kabla sijamtoa kanula. Nunua kipimajoto, sio cha bei. Na ukisikia joto, pima kwanza kabla hujameza Panadol, kisha njoo, ukifika mlangoni sema kwa sauti: mimi niko kwenye kemo na nina homa. Sema hata kama kuna anayevuja damu. Najua tulivyolelewa, kwamba mgeni mwema hasumbui wenye nyumba. Hospitali sio nyumba ya mtu.

Wenzangu watasema, na wameshaniambia, kwamba ni rahisi kuhubiri. Haya, tupige hesabu. Wagonjwa 32, dakika moja ya pumzi kwa kila mmoja, mara nne kwa usiku: dakika 128. Zaidi ya saa mbili. Zamu ya saa kumi na mbili ina dakika 720. Ukiwa peke yako kila mgonjwa ana dakika 22 na nusu, na humo umpe dawa, umfunge kidonda, umgeuze, umbadilishie shuka, uandike, umsikilize, umtulize jamaa yake kwenye simu, na ikiwezekana wewe mwenyewe uende haja ndogo. Tangu Oktoba 2024, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya NHIF, ongeza dakika tano za kuelezea kila familia mambo ya malipo ambayo hata sisi tunayasoma kwenye simu kama wao. Kwa hiyo ndiyo, ishirini ni matokeo ya idadi yetu kuliko uvivu wetu. Nimegoma kwa ajili ya jambo hilo na nikiitwa nitagoma tena. Nesi mmoja kwa wagonjwa thelathini ni dharau kwa wote thelathini na mmoja.

Lakini ile Julai nilikuwa na dakika tatu. Niliposimama na jamaa wa sigara nilikaa zaidi ya hapo. Sikuhesabu kwa kuwa nilikuwa na mashine.

Hilo nalo liko. Tangu mwaka 2020, corona ilipoingia, kile kibanio cha kidoleni kimekuwa kila mahali, hata nyumbani kwa watu. Kinakupa oksijeni na mapigo. Mashine ya presha inakupa presha. Kipimajoto kinalia pi, unasoma. Pumzi haina mashine katika wodi ya kawaida. Bado inataka jicho la mtu na saa. Ndiyo maana tumeidharau. Mtu anaweza kuwa na oksijeni 95 kwa sababu anahema kama farasi ili aipate hiyo 95, na kibanio hakina njia ya kukuambia amelipa gharama gani.

Sasa niko saratani, na huku hesabu imegeuka upande wa pili.

Kwenye upasuaji na dharura tunaogopa pumzi nyingi. Huku familia zinaogopa pumzi chache, na zinamwogopa yule anayedhaniwa kuzileta: mofini, dawa kali ya maumivu. Sijui ni nani aliyeanza kusema kwamba mofini ni dawa ya kumalizia mtu. Nimeambiwa hivyo na mama mboga na nimeambiwa hivyo na wakili. Mgonjwa anauma shuka kwa maumivu, dawa iko kabatini, na binti yake amesimama kati yangu na kitanda.

Huyo binti alikuwa wa Kayole, na mgonjwa alikuwa baba yake, fundi mbao, mwenye saratani ya umio. Chakula kilikuwa hakipiti tena, hata uji ulipita kwa kijiko na kwa subira. Kwetu tunasema mgonjwa haulizwi uji, unampa tu. Mzee huyu ilibidi tumwulize, maana kila kijiko kilikuwa vita. Nilimwuliza maumivu yakoje. Kuna ile karatasi ya sifuri hadi kumi, na tunaitumia, ila wazee wa hapa wakiulizwa nambari hujibu "ni mengi". Maneno ndiyo yanayosaidia. Inachoma, inadunga, inakata, inavuta, inapwita, inawaka: kila moja ni maumivu ya aina yake, na mengine yanataka dawa yake. Mzee alifikiri, fundi aliyezoea kutaja vitu kwa usahihi, akasema: "Kama msumeno butu. Hausimami na haukati."

Nikamtoa binti nje, tukaketi kwenye ngazi. Nikamweleza kwamba mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, kwa dozi ndogo inayopandishwa polepole mpaka maumivu yatulie. Kwamba maumivu yenyewe humzuia mtu kuzama usingizini kupita kiasi. Kwamba tatizo atakaloliona kwa hakika ni kufunga choo, na kwa hilo tunatoa dawa ya kulainisha tangu siku ya kwanza. Wenzetu wa Nairobi Hospice wanatoa huduma ya namna hii tangu 1990, na ningemwita mmoja amweleze vizuri kuliko mimi. Alinisikiliza. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Nitajuaje kama imezidi?"

Nikamfundisha kuhesabu.

Tulirudi kitandani. Nikampa mkono wa baba yake aushike kama anayepima mapigo. Simu yake, saa ya kuhesabu dakika, macho kifuani. Mara ya kwanza alipata 31 kwa sababu alihesabu kuingia na kutoka. Tulicheka. Kupanda na kushuka ni moja, nikamwambia. Mara ya pili 18. Mara ya tatu, baada ya dozi ya kwanza kushika na mzee kuachilia shuka alilokuwa amelikamata tangu asubuhi, 15. Nikamwandikia nyuma ya karatasi ya dawa: akilala fofofo usiweze kumwamsha, na pumzi ni chini ya 10, usimpe nyingine, nipigie. Akiwa macho anaongea na wewe, mpe dawa yake kwa wakati.

Mara kwa mara huwa nawaza maneno yetu. Kuugua ni kuumwa. Kwa kanuni za sarufi kuuguza kungekuwa kumfanya mtu augue, kama kulia na kuliza. Lugha ikakataa, ikasema kuuguza ni kukaa na anayeugua. Na kupumzika kunakaa mlango mmoja na pumzi. Mara ngapi nimemwambia mtu apumzike bila kuangalia kama ana pumzi ya kupumzikia. Lakini hayo ni mawazo ya zamu ya usiku, chai ikiwa imepoa.

Walikwenda nyumbani Jumanne na chupa ya mofini, dawa ya choo, na sindano mbili zisizo na ncha za kupimia. Kwa siku mbili simu yangu ilikuwa kimya, nikajisemea labda wameimwaga. Kisha Alhamisi, saa tisa usiku, nikiwa nyumbani nimelala, ikaita. Niliona jina, nikaketi kitandani kabla sijapokea.

"Daktari, samahani kukuamsha."

"Sema tu."

"Amelala. Amelala tangu saa tatu, hajawahi kulala hivyo. Nimeogopa." Alikuwa ananong'ona. "Nikamgusa, akafungua macho akaniuliza kwa nini simwachi alale. Nimehesabu. Nimehesabu mara mbili, dakika nzima."

"Ngapi?"

"Kumi na nne."

Nje kulikuwa na mbwa mmoja anabweka, na malori ya usiku kwenye Outering.

"Basi na wewe lala," nikamwambia.

"Nitahesabu mara moja tena," akasema, akakata simu.